Kidirisha cha Paa la Gari Kikivunjika na Spea Hakuna



Gari-nyumba ni gari lenye kitanda, meza, sinki na jiko ndani yake. Magari haya huundwa zaidi Ulaya na Marekani kwa watu wa kwenda likizo, lakini likishachoka huko laweza kuishia kwa kikundi cha kijijini, likageuzwa zahanati ya kutembea, maktaba, au jiko la kupikia watu kwenye mikutano. Paani huwa na kidirisha cha plastiki kinachofunguka kwa kuinuliwa juu. Hicho ndicho kinacholeta mwanga mchana, na ndicho kinachotoa joto na harufu. Tena ni chepesi kuvunjika. Tawi la mwembe linatosha. Au dereva anasahau kukifunga, anashika barabara ya lami, na upepo unakiondoa chote kama kofia.

Basi mnaenda mjini kutafuta kingine. Mwenye duka la spea anawaangalia tu. Za Toyota anazo, za Nissan anazo, lakini hiki hajawahi hata kukiona. Kuagiza Ulaya kunawezekana, lakini mkijumlisha bei, usafiri, ushuru na majuma ya kungoja, mtaona heri kujua namna ya kujitengenezea. Sehemu kubwa ya kazi hii yaweza kufanywa na fundi wa jua kali akisaidiwa na kikundi chenyewe, mradi ayajue mambo machache ya plastiki ambayo hayafanani kabisa na mambo ya mabati.

Kwa nini haraka? Tundu la sentimita 40 si kitu, mtasema, tutaweka beseni chini. Lakini maji yanayoanguka ndani ya beseni si hayo ya kuogopa. Yanayoharibu ni yale msiyoyaona. Paa la gari-nyumba si bati moja. Juu kuna ngozi nyembamba ya alumini au faiba, katikati kuna povu jeupe la plastiki na vipande vya mbao, na chini yake ubao mwembamba wa plaiwudi. Vyote vimegundishwa pamoja kama mkate uliopakwa siagi. Maji yakiingia pembeni mwa tundu husafiri ndani ya mkate huo, mbao zinaoza, gundi inaachia, na kwa nje hakuna anayejua. Siku mtakapobonyeza dari kwa kidole na kidole kikazama, kazi imeshakuwa ya kujenga paa upya. Na ikiwa ndani mnabeba dawa, vitabu au unga, hasara mnaijua wenyewe.

ZIBENI SIKU HIYO HIYO

Msingoje fundi. Futeni paa pembeni mwa tundu likauke kabisa, mtandaze nailoni nzito ipite tundu kwa sentimita 20 kila upande, mkaze kingo zake kwa utepe mpana. Upande wa mbele wa gari ndio wa kukazwa zaidi kwa sababu ndiko upepo unakotokea.

Utepe peke yake hautoshi kwa safari. Jua huyeyusha gundi yake, na baada ya siku chache unang'oka. Kateni kipande cha ubao kinacholala juu ya nailoni, na kipande kingine cha mti kirefu kuliko tundu, kilale ndani ya gari chini ya dari. Fungeni hivyo viwili pamoja kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, vikivutana kupitia tundu. Kitobo cha kupitishia tyubu kwenye nailoni kifunikwe na huo ubao na kizungushiwe utepe. Mpira unavuta, ubao unakaa. Hata hivyo nendeni pole pole.

Mkipanda paani, msisimame juu ya ngozi ya gari. Lazeni mbao ndefu ili uzito wenu uenee, na mtu mmoja ashike ngazi. Mtu asipande peke yake nyumbani pakiwa hapana watu.

Okoteni vipande vyote vilivyovunjika, hata vile vya ukubwa wa kucha. Viwekeni kwenye mfuko. Mtaona faida yake baadaye.

PIMENI, KISHA MTAFUTE

Vidirisha hivi vina vipimo vinavyorudiarudia. Magari ya Ulaya mengi yana tundu la milimita 400 kwa 400, na kile kikubwa cha sebuleni mara nyingi ni milimita 700 kwa 500. Magari ya Marekani hutumia inchi 14 kwa 14, yaani karibu sentimita 35 na nusu. Kwa hiyo, hata kama kampuni iliyounda gari lenu ilikwisha kufungwa, kidirisha cha kampuni nyingine chaweza kuingia. Mtu akitoka safari ya Ulaya anaweza kuwabebea, mradi mmempa vipimo sahihi.

Vipimo ni vinne: tundu lenyewe la paa, unene wa paa, upana wa fremu kwa nje, na kimo cha ukingo wa fremu unaosimama juu ya paa. Pimeni kila upande mara mbili, maana tundu lililokatwa kwa mkono huwa si mraba kamili. Andikeni kwa milimita. Inchi na sentimita zikichanganywa kwenye karatasi moja, fundi atakata vibaya, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Angalieni pia kama kilichovunjika ni kifuniko tu, au na fremu. Kama fremu ni nzima, mshukuru na msiiguse. Kuing'oa fremu nzima ya plastiki iliyokaa miaka 20 juani ni kutafuta kuivunja.

HII NI PLASTIKI GANI?

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Wanachukua gundi iliyoko dukani, wanapaka, inakauka vizuri, na juma la pili imeachia. Si kwamba gundi ni mbovu, bali kila plastiki ina gundi yake.

Chukueni kipande kimoja kutoka kwenye ule mfuko mkitie ndani ya kikombe cha maji yenye sabuni kidogo. Kikielea, hiyo ni plastiki ya jamii ya mitungi na ndoo, na hakuna gundi ya kawaida itakayoishika. Hiyo hutengenezwa kwa kufungwa na riveti au kwa kuchomelewa kwa joto. Kikizama, endeleeni.

Kipande kikiwa angavu kama kioo au cha rangi ya moshi, yaelekea ni akriliki, ile ambayo watu huiita Perspex, au polikaboneti. Ikunjeni kidogo. Akriliki huvunjika kwa mlio na ncha zake ni kali. Polikaboneti hukunjika sana kabla ya kukatika. Kikiwa cheupe kama maziwa au rangi ya krimu, hasa kwenye fremu, huenda ni ABS, plastiki ileile ya ndani ya milango ya magari. Tone moja la asetoni mahali pasipoonekana litawaambia: ABS hunata upesi kama ugali mbichi. Asetoni ni ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, lakini someni chupa, kwa maana nyingine siku hizi hazina asetoni ndani.

Msichome plastiki kwa kiberiti ili kuijaribu kwa harufu. Wazee wa jua kali hupenda sana jaribio hilo, na moshi wake ni sumu.

UFA MDOGO

Kama kifuniko kina ufa tu na hakijapoteza kipande, kinaweza kuokolewa. Lakini mkiziba ufa bila kuusimamisha, utaendelea kutembea. Kila gari likipita kwenye shimo la barabara, ncha ya ufa inavutwa, inasonga mbele kidogo. Dawa yake ni kutoboa kitundu cha milimita 3 pale pale ufa unapoishia. Nguvu iliyokuwa imekusanyika kwenye ncha kali sasa inaenea kwenye duara, na ufa unasimama. Tafuteni ncha halisi kwa kupaka maji ya wino kisha kufuta, kwa sababu ufa huwa mrefu kuliko unavyoonekana.

Kutoboa akriliki si kama kutoboa mbao. Ncha kali ya drili huing'ata na kuipasua. Isugueni ncha kidogo kwenye jiwe ili makali yake yapungue, wekeni ubao chini ya kifuniko, zungusheni pole pole bila kusukuma. Na fanyeni kazi hii mchana. Alfajiri ya baridi plastiki kuukuu ni kama biskuti.

Kwa ABS, mnaweza kujitengenezea gundi bora kuliko ya dukani. Vunjeni vile vipande vidogo mlivyoviokota, vitieni kwenye kichupa cha kioo na asetoni, mfunike hadi kesho. Mtapata uji mzito wa plastiki ileile. Pakeni ndani ya ufa, na kwa upande wa ndani wekeni kiraka cha kitambaa chembamba cha pamba kilicholoweshwa uji huo. Asetoni ikisharuka, kinachobaki ni plastiki yenyewe. Kumbukeni tu kwamba asetoni hushika moto upesi sana, tena huyeyusha lile povu la ndani ya paa likianguka humo.

Kwa akriliki, gundi yake maalum mtaipata kwa mafundi wa kutengeneza mabango mjini. Polikaboneti ni tofauti: asetoni, thina na petroli huifanya iwe na ukungu na nyufa ndogondogo, basi msiiguse nazo hata kwa kusafishia. Maji na sabuni ya vyombo yanatosha.

KIFUNIKO KIPYA CHA BAMBA

Kifuniko kikiwa kimepotea au kimekuwa vipande 30, msipoteze siku kukishona. Nendeni kwa hao hao mafundi wa mabango. Wao hukata bamba kubwa za akriliki kila siku na hubakiwa na vipande, na kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwao ni takataka. Kwa kidirisha cha sentimita 40, bamba la milimita 4 linatosha. Mkipata polikaboneti ni bora zaidi, maana ni vigumu sana kuivunja. Bamba nyingi za polikaboneti zimepakwa kinga ya jua upande mmoja tu, nao umeandikwa kwenye karatasi ya juu. Upande huo utazame mbinguni. Mkiugeuza, baada ya muda bamba litakuwa la manjano na kuanza kupasuka.

Kioo cha dirisha la nyumba hapana. Kikivunjika safarini kitaanguka kama visu juu ya vichwa vya watu.

Sasa sikilizeni jambo la joto. Akriliki hurefuka ikipata joto karibu mara 6 zaidi ya chuma. Bamba la sentimita 70 likitoka kwenye nyuzi 15 za alfajiri hadi nyuzi 60 za juani mchana, linarefuka zaidi ya milimita 2. Ukilifunga kwa skrubu zilizobana kabisa, litatafuta pa kwenda, lisipopapata litapasuka penye skrubu. Kwa hiyo tundu la skrubu ya milimita 4 liwe la milimita 6. Wekeni washa ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu, kisha washa pana ya chuma, na mkaze kwa mkono mpaka mpira ubonyee kidogo, basi. Tundu lisiwe karibu na ukingo wa bamba. Acheni walau sentimita 1 na nusu.

Kifuniko cha kiwandani kimevimba katikati kama mgongo wa kobe, na si kwa urembo. Maji yanateleza. Bamba letu ni bapa, maji yatatuama juu yake, na vumbi na majani yatafuata. Inueni upande mmoja kwa kipande cha mbao au alumini cha sentimita 1 chini ya bamba, ili maji yaelekee nyuma ya gari. Halafu pembeni zungusheni ukanda wa alumini uliokunjwa kama herufi L, ushuke sentimita 3 kuufunika ukingo wa fremu kwa nje. Huo ndio unaozuia mvua ya upepo, ile inayokuja kwa ubavu.

KIFUNIKO CHA FAIBA

Kama kuna fundi wa faiba karibu nanyi, hii ndiyo njia ninayoipendelea. Mafundi hawa wapo miji mingi, hutengeneza bampa za magari na matangi, na kule pwani hutengeneza mashua. Faiba hufuata umbo lolote, kwa hiyo kile kifuniko cha zamani, hata kikiwa kimevunjika, kinakuwa kielelezo.

Unganisheni vipande vyake kwa utepe kutoka ndani. Pengo lililobaki lijazeni kwa udongo wa mfinyanzi na mlainishe. Kisha funikeni juu yote kwa ule utepe wa kahawia wa kufungia makatoni, bila kuacha nafasi. Rezini ya faiba haishiki kwenye utepe huo, lakini ikigusa plastiki yenyewe inaweza kuila. Angalieni kama pande za kifuniko zinapanuka kuelekea chini, maana zikiingia ndani, kifuniko kipya hakitachomoka.

Kifuniko cha sentimita 40 kwa 40, pamoja na pande zake, kinahitaji kipande cha mkeka wa faiba cha sentimita 50 kwa 50. Tabaka 3 za mkeka wa gramu 450 kwa mita mraba zitatosha, nazo zitakunywa karibu gramu 850 za rezini, basi nunueni kilo moja. Changanyeni kidogo kidogo, gramu 300 kwa mara moja, kwa sababu baada ya dakika 15 au 20 inaganda. Hadena inawekwa kati ya gramu 10 na 20 kwa kilo moja ya rezini. Kwenye joto letu anzeni na 10, yaani gramu 3 kwa kila mchanganyo wa gramu 300. Bomba la sindano lisilo na sindano ni kipimo kizuri, kushinda kukisia kwa kifuniko cha chupa. Pigeni brashi kwa kugonga, si kwa kuvuta, mpaka mapovu meupe yatoke. Tabaka la mwisho likishalowa, tandazeni nailoni nyembamba juu yake na mpapase kwa kiganja. Nailoni huzuia hewa, na bila hiyo uso wa faiba hubaki unanata.

Hadena ya faiba si ya kuchezewa. Tone moja jichoni laweza kupofusha mtu. Vaeni miwani na glovu, na likitokea la kutokea osheni jicho kwa maji safi dakika 15 bila kuacha, kisha hospitali. Nunueni rezini ambayo tayari imetiwa kichapuzi. Fundi akikuletea chupa mbili, moja ya hadena na nyingine ya maji ya zambarau, zisikutane kamwe bila rezini katikati: hulipuka. Kazi ifanyike nje kivulini, mbali na jiko na mvutaji sigara. Rezini iliyobaki isiachwe imejaa kopo, maana huchemka yenyewe hadi kutoa moshi. Imwageni iwe nyembamba juu ya bati kuukuu. Na siku ya kupiga msasa, fungeni pua na mdomo. Vumbi lile ni kioo.

Faiba isiyopakwa rangi hupitisha mwanga mzuri, mweupe wa upole, unaofaa hata mtu kudungwa sindano chini yake. Ila jua litaila uso baada ya muda, nyuzi zitaanza kujitokeza, na hapo itabidi kupiga msasa mwepesi na kupaka rezini tena. Wasiojali mwanga wapake rangi nyeupe ya mafuta na wasahau.

Ya mabati sina mengi ya kusema. Fundi wa kutengeneza mabeseni na masanduku anaweza kuikunja kwa asubuhi moja, inazuia mvua sawasawa, lakini ndani ni giza, mchana kunapata joto, na mvua ikinyesha hamtasikizana. Kwa gari la mizigo inafaa.

BAWABA, KOMEO NA UPEPO

Kifuniko chepesi kisichofungwa vizuri ni hatari kwa watu wengine kuliko kwenu. Fikirini mwendesha boda boda aliye nyuma ya gari lenu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo unaopita juu ya paa unaweza kuvuta kifuniko cha sentimita 40 kwa nguvu inayofikia kilo 5. Kile cha 70 kwa 50 ni kilo 10. Hapo bado lori halijapishana nanyi.

Bawaba ziwe upande wa mbele wa gari, ili komeo likisahauliwa upepo ukigandamize kifuniko chini badala ya kukifungua. Bawaba za kabati za chuma cha pua au shaba zinafaa. Za chuma cha kawaida zitashika kutu na kutia madoa. Zifungeni kwa bolti zinazopita hadi upande wa pili, na bamba dogo la alumini chini, wala si kwa skrubu zinazong'ata plastiki. Wekeni makomeo mawili ndani, na juu yake mkanda au mnyororo mwembamba unaounganisha kifuniko na fremu. Huo mnyororo ni bima. Komeo likivunjika, kifuniko kitagongagonga na dereva atasikia.

Mpira wa kuzibia uliochakaa mtaubadilisha kwa mpira wa mlango wa gari bovu. Utafuteni ulio laini, wenye tundu katikati, na kiungo chake kiwe upande wa nyuma. Msiupake grisi wala mafuta ya injini, huuvimbisha.

KUZIBA FREMU NA PAA

Kama ilibidi kuing'oa fremu, toeni skrubu za ndani, kisha saa sita mchana, wakati gundi ya zamani imelainika, pitisheni waya mwembamba au kisu cha bapa chini ya ukingo. Safisheni mabaki yote. Silikoni ya zamani ndiyo adui mkubwa: hakuna kinachoshika juu yake, hata silikoni mpya haishiki. Nimeona magari yenye tabaka 4 za silikoni zilizopakwa na mafundi 4, na kila mmoja alilipwa. Kwangueni mpaka muione ngozi ya paa. Mbao mkizikuta zimelowa, msizibe. Acheni tundu wazi juani siku kadhaa, mkilifunika usiku, hadi zikauke. Zilizooza kateni muweke mpya.

Kati ya fremu na paa wekeni kizibo kisichokauka, ule utepe wa mpira laini unaoitwa butili. Hubaki laini kwa miaka, huenda na fremu inapopanuka, na siku nyingine fremu itang'oka bila kuvunjika. Zile gundi nzito za polyurethane za kubandikia vioo vya mbele ni kali mno, na baadhi yake hupasua akriliki na polikaboneti. Silikoni yenye harufu ya siki nayo huanzisha kutu kwenye mabati na haifai kwa polikaboneti. Kama ni silikoni tu inayopatikana, ulizieni ile isiyo na harufu ya siki. Kazeni skrubu kwa zamu, pembe hii kisha pembe ya mkabala wake, kama nati za gurudumu. Rudini kesho yake, kwa sababu butili huendelea kubonyea, mkaze tena kidogo.

MSIZIBE HEWA

Kidirisha cha kiwandani, hata kikiwa kimefungwa, mara nyingi huacha nafasi ndogo pembeni ya kupitisha hewa. Haikusahauliwa na mwenye kuunda. Imewekwa kwa ajili ya watu wanaopika na kulala ndani. Fundi mwenye bidii akiiziba ili tone lisipite, amegeuza gari kuwa chupa. Jiko la gesi likiwaka humo hula hewa ya watu, na likikosa hewa ya kutosha hutoa ile sumu isiyo na harufu wala rangi inayoua watu usingizini. Jiko la makaa ni baya zaidi na lisiingizwe ndani ya gari kabisa, hata usiku wa baridi, hata kama makaa yanaonekana yamekufa.

Kwa hiyo kifuniko chenu kipya kiache nafasi ya milimita chache upande wa nyuma, chini ya ule ukanda wa L, na juu ya nafasi hiyo muweke wavu wa mbu. Yale matundu yaliyo sakafuni au chini ya kabati la mtungi nayo yasizibwe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja huteremka, na kidirisha cha paani hakiwezi kuitoa.

JARIBU KWA MAJI

Msingoje mvua ya Machi iwaonyeshe. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji juu kwa ndoo, kwanza nyuma, kisha pande mbili, mwisho mbele, kila mahali kwa dakika tano. Mkianzia mbele maji yatatapakaa kote na hamtajua yaliingilia wapi. Aliye ndani apapase dari kwa kiganja pembeni mwa fremu, kwa sababu unyevu huonekana kwa mkono kabla ya tone. Kisha endesheni gari kwenye barabara mbaya, kilomita 10 hivi, mrudie jaribio. Kizibo kinachoshinda gari limesimama chaweza kushindwa baada ya kutikiswa.

Baada ya hapo kagueni mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kabla ya mvua ndefu na kabla ya vuli: skrubu, mpira, mnyororo, na nyufa ndogo penye bawaba. Ubaoni pa dereva bandikeni karatasi yenye maneno mawili, KIDIRISHA KIMEFUNGWA, na aliyekaa nyuma ndiye wa kujibu kabla gari halijaondoka.